Uzito Ulio Juu ya Dari

Sisi wa Nyeri, Karatina na Nanyuki twaujua ubaridi wa Julai, ukungu unapouficha Mlima Kenya mpaka adhuhuri. Nyeri imeinuka zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na Nanyuki hupita 1,900. Ndiyo sababu nyumba nyingi za mawe zilizojengwa na walowezi na wamisionari kabla ya Uhuru wa 1963 zina meko ndani ya ukuta wa sebule, na dohani ya kutoa moshi juu ya paa.

Nyumba ya mchungaji wetu ni mojawapo. Meko yake haikuwashwa miaka mingi, nayo ilikula nafasi. Akina mama wakija kwa maombi, wengine hukaa mlangoni. Kamati tukakubaliana kwa dakika chache (jambo la nadra kwetu!) kwamba ibomolewe. Tukamwita fundi, tukitazamia nyundo. Yeye akaomba ngazi.

Alipanda darini na tochi, akakaa kitambo. Aliposhuka akauliza, "Wazee, mkiyatoa mawe haya ya chini, yale ya juu yatakaa juu ya nini?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumepima sebule tu. Mita moja ya ujazo ya mawe huweza kukaribia tani 2, na mzigo wote wa dohani ulikalia ukuta ule tuliouita wa bure. Mbao za dari haziwezi kuubeba. Na hapo chini ndipo watoto wa mchungaji husomea jioni.

Ndugu, tulitahayari. Tulimkumbuka mzee mmoja wa kanisa tuliyempumzisha kwa kuwa alirefusha mikutano. Mwezi haukuisha, wagonjwa wakauliza mbona hakuna anayekuja kuwaombea.

Fundi alitupa njia mbili. Dohani ya juu ikibaki, ziwekwe kwanza nguzo za muda, kisha boriti ya chuma iliyokadiriwa na mhandisi, ncha zake zikikalia kuta imara zenye msingi. Ndipo mawe ya chini yatolewe. Au dohani yote ishushwe kuanzia juu, jiwe kwa jiwe, na paa lizibwe.

Tulichagua ya pili, tukaomba kibali cha kaunti, tukafanya harambee nyingine. Jiwe la kwanza lilishushwa kwa kamba siku ya Alhamisi, likiwa bado jeusi kwa masizi, na mzee yule alikuwapo kulipokea.