Kutambua na Kubadilisha Ekzosi na Shokamzoba Zisizo za Kiwandani katika Magari ya Kasi



Mazungumzo haya yanahusu magari ya kasi yaliyotumika Japani kabla ya kuuzwa Afrika Mashariki, hasa Subaru Impreza WRX ya umbo la kwanza, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1992. Japani hupita kushoto kama Tanzania na Kenya, hivyo gari la huko huingia barabarani bila ya kuhamishwa usukani. Lakini mara nyingi mwenyewe wa mwanzo huwa kesha badilisha ekzosi na shokamzoba, na mnunuzi hana habari.

Hapo ndipo fedha zinapopotea. Mwenye gari huagiza kipuri kwa namba ya chesisi, kikafika, kisiingie. Kipuri hakina kosa. Kinachopakana nacho ndicho kisichokuwa cha kiwandani.

Wengi husikia mngurumo wa Impreza wakadhani ekzosi imebadilishwa. Sivyo. Mngurumo ule wa kukatakata ni wa kiwandani, kwa sababu mabomba yatokayo pande mbili za injini hayakulingana urefu. Inayonguruma laini ndiyo ya kutiliwa shaka, kwani huenda yamefungwa mengine yaliyolingana. Kisha bomba lifuatwe chini ya gari, kuanzia kwenye tabo hadi nyuma. Alama za kuchomelea, au bomba tupu pale kiwanda kilipoweka chombo cha kusafisha moshi, ni ushahidi wa kutosha.

Ekzosi ifunguliwe ikiwa imepoa, na bolti zilizoshikwa na kutu, jambo la kawaida mno pwani, zimwagiwe mafuta tangu usiku. Kila kiungo kitiwe gasketi mpya. Baada ya kufunga, injini iwashwe mahali pa wazi na viungo vyote vikaguliwe, kwani hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, nayo ikipenya ndani ya gari huua. Aidha, ikiwa kompyuta ya injini ilirekebishwa kufuata ekzosi ya zamani, nayo irejeshwe ilivyokuwa.

Ama shokamzoba, hizo zina mambo mengi zaidi. Ya kiwandani ina sahani ya springi iliyochomelewa pahala pamoja. Ya kubadilishwa aghalabu ina hesi mwili mzima na pete za kupandishia na kushushia gari. Wako pia waliobakisha shokamzoba ya kiwandani wakatia springi fupi tu. Gari hilo hugonga kila tuta, na shokamzoba hufa mapema. Tairi zilizolika upande wa ndani nazo ni dalili, ingawa si peke yake.

Anayerejesha ya kiwandani asiagize shokamzoba tupu. Aagize pamoja na springi, kitako cha juu, mpira wa kuzuia kugonga na kifuniko cha vumbi, kwani kitako cha juu cha ile ya hesi mara nyingi hakikubaliani na springi ya kiwandani. Zibadilishwe mbili mbili, kushoto na kulia.

Nati ya juu isifunguliwe kabisa kabla springi haijabanwa kwa kibanio chake maalumu. Springi iliyoshindiliwa ikiachiwa ghafla huvunja mkono au uso wa fundi, na waya wa kufungia si kibanio. Gari nalo lisiachiwe jeki pekee, liwekewe stendi.

Bolti ya juu kati ya mbili zinazoshika mguu wa shokamzoba ya mbele ndiyo inayorekebisha mlalo wa gurudumu. Itiwe alama kabla ya kulegezwa. Bolti za bushi za mikono ya chini zikiwa zimelegezwa, zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, la sivyo mpira hujipinda na kupasuka. Baada ya hapo gari lipelekwe kupimwa magurudumu kabla ya kurudishwa katika safari za kawaida.