Kunusuru Kipande cha Ngozi baada ya Upasuaji: Mazingira ya Visiwa vya Lamu

Jeraha likifika hadi mfupa au kano kuwa wazi, ngozi nyembamba ya kupandikizwa mara nyingi haishiki, kwa sababu chini yake hakuna nyama ya kuilisha damu. Hapo daktari hukata kipande kinene cha ngozi pamoja na mafuta yake, akakiacha kimeshikana na mwili upande mmoja, kisha akakigeuza kifunike jeraha. Upande huo ulioshikana, yaani shina, ndio njia pekee ya damu kwa siku za mwanzo.

Zamani urefu wa kipande ulikadiriwa kwa upana wa shina lake. Mwaka 1970 daktari wa upasuaji Milton, kwa majaribio ya nguruwe, alionyesha kwamba kupanua shina hakusaidii ikiwa mishipa iliyomo ni ile ile. Kinachosaidia ni kuchagua shina lenye mshipa unaojulikana, au kukata kwa awamu: kingo mbili hukatwa kwanza, kipande kikaachwa mahali pake wiki moja au mbili hadi mishipa midogo ipanuke, ndipo kikahamishwa. Njia hii ya awamu haihitaji hadubini wala mashine. Visiwani, inastahili kufikiriwa kabla ya nyingine zote.

Mwaka 1957 Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, wote mabingwa wa upasuaji wa aina hii, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege Afrika Mashariki. Kwa njia hiyo bingwa anaweza kutua kisiwani Manda, akapasua, akaondoka. Anayebaki usiku na kipande ni muuguzi, na saa 48 za kwanza ndizo zenye hatari kubwa. Kwa hiyo mafunzo ya muuguzi ni sehemu ya upasuaji wenyewe.

Kwenye ngozi nyeusi rangi hudanganya. Vidole husema zaidi. Kipande kilichopoa na kulegea kinakosa damu inayoingia. Kilichovimba na kukakamaa kinakosa njia ya kutoa damu, na hili ndilo hutokea mara nyingi. Kikichomwa kwa ncha ya sindano, damu nyekundu inayotoka taratibu ni dalili njema. Nyeusi inayobubujika haraka ni ya vena iliyoziba. Dawa ya kwanza iko mkononi: kulegeza bendeji, kunyoosha shina lililojikunja, kutoa nyuzi zinazobana, kuondoa damu iliyovilia chini. Kungoja asubuhi ni kukipoteza.

Tumbaku, hata ile ya kwenye tambuu, huachwa wiki kadhaa kabla na baada, kwa kuwa nikotini hubana mishipa. Mgonjwa wa Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, asirudishwe mapema: mashua katika bahari ya kusi humrusharusha, na shina likivutwa hakuna wa kulitazama njiani. Mkono ulioshonewa kinenani ili ufunikwe kwa kipande cha hapo husubiri takriban wiki 3 kabla ya shina kukatwa, na muda huo wote mgonjwa apatiwe makao Amu, yaani mjini Lamu, karibu na hospitali.