Redio ya Sebuleni na Kumbukumbu ya Lugha

Mhadhara huu unahusu redio ya nyumbani katika Tanzania Bara ya miaka ya 1960 hadi 1980, enzi ya Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyopata jina hilo mwaka 1965. Waliokuwa watoto wakati huo huikumbuka kwa shauku: kitambaa kilichodariziwa juu yake, betri zilizoanikwa juani ili zirudishe nguvu kidogo, na mkono wa baba uliokuwa peke yake na ruhusa ya kugusa kitufe cha stesheni.

Mwanaisimu hana budi kuyasikiliza mazungumzo hayo, kwani yamebeba msamiati uliokulia majumbani. Betri ziliitwa mawe. Redio ilifunguliwa na kufungwa kama mlango au sanduku. Wengine waliiwasha na kuizima kama taa. Matumizi haya hayakusubiri kamati ya istilahi. Yaliamuliwa na wenye kutumia kifaa.

Hata hivyo, shauku nayo ina upofu wake. Husahau kwamba nyumba nyingi hazikuwa na redio, na kwamba jirani alisikiliza akiwa barazani. Humsahau binti aliyekuwa jikoni wakati habari zikisomwa, akaambulia nusu ya sentensi. Kiswahili sanifu kilimfikia kila mmoja kwa kadiri ya mahali alipoketi.

Mfano bayana ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Historia ya elimu ya watu wazima huitaja kampeni hiyo kwa heshima. Lakini yaliyosemwa baada ya redio kunyamaza, yaani swali la mkulima, ubishi wa wazee, au neno geni lililofafanuliwa kwa lugha ya kikabila, kwa sehemu kubwa yalibaki vinywani.

Hapo ndipo penye kazi ya wanafunzi wa Kiswahili. Kanda za utangazaji hutunza sauti ya mtangazaji, wala hazimtunzi msikilizaji. Naye asiyekuwapo na lake halipo. Watoto wa enzi hiyo sasa ni wazee, na wazazi wao wengi wamekwisha kufariki. Atakayekwenda kuwahoji asiishie kuuliza walisikia nini. Aulize pia nani aliketi wapi, nani alinyamazishwa, na ni neno gani la redioni lililorudiwa kisimani kesho yake.