Mashine ya Kuchomelea na Bei Yake Kamili
(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama, Bulyaga, Tukuyu)



Kazi yangu ni kukagua vitabu vya hesabu. Mimi si fundi. Hata hivyo, ni vitabu hivyo hivyo vilivyonifikisha kwenye jambo la leo.

Katika chama kimoja nilikuta hati ya malipo ya mashine ya umeme ya kuchomelea chuma. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Lakini nilipotafuta malipo ya kinga ya uso, ya glovu na ya kufungiwa waya wa ardhi, sikuona hata shilingi moja. Nilipokwenda karakana nilimkuta kijana wa chama akichomelea toroli huku amevaa miwani ya jua. Macho yake yalikuwa mekundu. Akanieleza kwamba usiku halali, kwa kuwa huhisi kama ametiwa mchanga machoni. Kamati ilidhani imebana matumizi. Kumbe ilikuwa imelipa nusu ya bei tu, na nusu iliyobaki ilikuwa ikilipwa na kijana yule kwa macho yake. Wahenga walisema rahisi ni ghali.

Vyama vyetu vina toroli, milango ya maghala na mashine za kumenyea kahawa. Vyote hivyo huvunjika. Mashine ya kuchomelea ina manufaa makubwa, ila tuinunue kwa bei yake kamili.

Kwanza ni kuifunga mashine. Umeme wa majumbani ni wa volti 230, na mashine hii huvuta umeme mwingi kuliko taa. Isichomekwe kwenye njia ya taa za ofisi. Fundi umeme mwenye leseni aifungie njia yake, yenye swichi na fyuzi ya kiasi kinachotakiwa. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, itafutwe sababu. Kuweka waya mnene mahali pake ni kuwasha moto ukutani.

Hapa wengi huchanganya nyaya mbili. Waya wa ardhi hufungwa kwenye bodi ya mashine, ili umeme ukivuja uende ardhini badala ya kupita mwilini mwa mtu. Waya wenye kibano ni mwingine: kazi yake ni kuurudisha umeme kutoka kwenye chuma kinachochomelewa hadi kwenye mashine. Kibano hicho kishikwe karibu na mahali pa kazi, juu ya chuma kilichosuguliwa kutu na rangi. Kuwa na kibano hakumaanishi kwamba mashine ina waya wa ardhi.

Pili ni mvua. Wilaya yetu ya Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi nchini. Mashine ikiwa imewashwa lakini fundi hajaanza kuchomelea, kwenye kishikio mnaweza kuwamo volti zipatazo 80. Volti hizo ni chache kuliko za ukutani, lakini kwa mtu mwenye glovu mbichi aliyesimama kwenye tope zinatosha kuua. Kazi ifanyike mahali pakavu penye paa, na fundi asimame juu ya ubao mkavu, amevaa viatu vya ngozi na glovu kavu. Mtu akinaswa na umeme, kata swichi kwanza. Usimguse kabla ya hapo.

Tatu ni mwili wa fundi. Mwanga wa mashine hii huunguza macho na ngozi, na maumivu huja saa kadhaa baadaye. Kwa kazi za kawaida, kinga ya uso iwe na kioo cheusi cha namba 10 au 11. Msaidizi naye awe na yake, na watoto wasiachwe kutazama. Anapogonga ganda juu ya kiungo, fundi avae miwani safi ya kinga. Fito ya milimita 2.5 huhitaji ampea 60 hadi 90 hivi, na ile ya milimita 3.2 huhitaji 90 hadi 130 hivi. Maelekezo ya kwenye pakiti yafuatwe.

Moshi nao si wa kudharauliwa. Mabati yaliyopakwa zinki yakichomelewa hutoa moshi uletao homa na baridi jioni, hata mtu akadhani ana malaria. Mwaka 2017 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani waliuweka moshi wa kuchomelea katika orodha ya visababishi vya saratani. Karakana iwe na hewa ya kutosha.

Nne ni moto. Magunia, karatasi, mafuta na mbolea viondolewe umbali wa meta 10 au zaidi. Ndoo za mchanga ziwe karibu, na mtu abaki akilinda kwa nusu saa baada ya kazi. Pipa lililowahi kutiwa petroli, dizeli au rangi lisichomelewe, hata likionekana kavu. Mvuke uliobakia ndani unaweza kulipasua kama bomu.

Mwisho ni wajibu wetu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake, na chama kinacholipa mshahara ni mwajiri. Basi, Ndugu Katibu, unapopeleka ombi la mashine kwenye kamati, andika katika karatasi ile ile bei ya kinga za uso, glovu, aproni ya ngozi, viatu na kazi ya fundi umeme. Fedha zisipotosha vyote, mashine isubiri msimu mwingine. Ikishanunuliwa, ufunguo wa swichi ashike mtu mmoja aliyefunzwa, na nyaya zikaguliwe kila asubuhi kabla ya kuwashwa.

Nitakapokuja kukagua chama chako, nitauliza hati ya mashine, kisha nitaomba nioneshwe kinga ya uso. Mashine ikiharibika, chama kinaweza kununua nyingine. Jicho la kijana wetu haliuzwi dukani.