Vidonge vya presha navyo vipande basi

Wasikilizaji, Krismasi ikikaribia mabasi ya Moshi hujaa. Wachaga wanakwenda nyumbani "kuhesabiwa", kama wanavyotaniwa, na mizigo imesheheni mchele, mafuta ya kupikia na nguo za watoto. Kinachosahaulika mara nyingi ni kile kipakiti cha vidonge vya presha, kimebaki juu ya friji Dar es Salaam.

Wengine hawasahau, wanaacha makusudi. "Leo nakunywa bia, dawa nitameza kesho." Kesho kuna ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, kwa shemeji, keshokutwa pombe ya mbege kwa baba mkubwa, wiki inakatika. Ubaya wa presha ni kwamba mara nyingi haiumi: mtu anajiona mzima mpaka siku anapoanguka, mdomo umekwenda upande. Afadhali kupunguza bia kuliko kuruka dozi. Anayetumia insulini awe mwangalifu zaidi, maana pombe bila chakula huweza kushusha sukari, na watu wakadhani amelewa tu, wakamwacha alale.

Nyama yenyewe sina ugomvi nayo sana. Chumvi ya kuchovyea ndiyo tatizo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, haijai hata kijiko cha chai, na hapo bado hatujahesabu iliyomo kwenye supu ya asubuhi.

Halafu kuna safari yenyewe, zaidi ya kilomita 500 umekunja miguu. Basi likisimama Korogwe, shuka utembeetembee, hata kama huna la kununua.