Picha Huharibika Kabla Mtambo Haujawashwa

Hotuba kwa maafisa wa idara, wabunifu wa vipeperushi na wachapaji



Kiwavijeshi vamizi alithibitishwa nchini Kenya mwaka 2017, na kipeperushi ni mojawapo ya njia za kumsaidia mkulima kumtambua. Alama mbili ndizo muhimu: mistari hafifu kichwani yenye umbo la Y iliyopinduliwa, na madoa manne meusi yaliyopangika kama mraba karibu na mkia. Mkulima anayeziona alama hizo anajua anapambana na nani. Asipoziona, anaweza kukawia hadi kiwavi ajifiche ndani ya moyo wa mhindi, mahali ambapo dawa haimfikii kwa urahisi.

Sasa chukueni kipeperushi ambacho maelezo yake yote ni sahihi, lakini kichwa cha kiwavi kimetoka cheusi tititi na ile Y haionekani. Pesa za umma zimelipwa, nakala zimefika wadini, na mkulima hajasaidika. Lawama humwendea mchapaji. Lakini mara nyingi picha hiyo ilikwisha haribika kwenye kompyuta, siku kadhaa kabla karatasi haijaingia mtamboni.

Ili kuelewa sababu, tuanze na kazi ya mtambo wenyewe. Ofseti haina wino hafifu na wino mzito wa rangi moja. Panapoguswa hupata wino, pasipoguswa hubaki peupe. Kwa hiyo picha hugawanywa kuwa maelfu ya nukta. Nukta zikiwa ndogo, jicho huona kijivu hafifu. Zikiwa kubwa, huona giza. Nukta hizo huwekwa kwenye pleti ya aluminiamu: sehemu za picha hushika wino, sehemu tupu hushika maji, kisha picha huhamia kwenye blanketi la mpira na kutoka hapo kwenye karatasi. Kwa picha ya rangi, kazi hii hufanywa kwa pleti nne: samawati, majenta, manjano na nyeusi.

Tatizo ni kwamba nukta haibaki na ukubwa ule iliokuwa nao kwenye kompyuta. Shinikizo la mtambo huitandaza, karatasi hufyonza wino ukaenea, na mwanga unaopenya kando yake hunaswa chini ya wino, hivyo jicho huiona nukta kuwa kubwa zaidi. Hali hii, kuvimba kwa nukta, hutokea katika kila mtambo, hata ule mpya kabisa. Kinachotofautiana ni kiasi. Kwenye karatasi nzuri ya kung'aa, eneo lililokusudiwa kufunikwa asilimia 50 huonekana kama limefunikwa asilimia 64 hivi. Kwenye karatasi ya gazeti hufika takriban asilimia 76. Karatasi ya bondi, ambayo hutumika kwa vipeperushi vingi vya bei nafuu, nayo hufyonza wino kuliko ya kung'aa.

Uvimbe huo huwa mkubwa zaidi katika toni za kati, na kwenye giza zile nafasi ndogo nyeupe kati ya nukta huzibika kabisa. Ngozi ya kahawia iliyokolea iko papo hapo, kati ya toni za kati na giza. Ndiyo maana mhudumu wa afya ya jamii anayeonekana vizuri kwenye skrini hutoka kwenye karatasi hana macho wala mashavu. Skrini hutoa mwanga wake yenyewe; karatasi huakisi tu mwanga unaoiangukia.

Dawa ipo, nayo haihitaji mtambo mpya. Mbunifu huinua toni za kati na kuacha tofauti ndani ya vivuli, akijua kwamba karatasi itazishusha. Lakini asifanye hivyo kwa kubahatisha. Matbaa nyingi zinazotengeneza pleti moja kwa moja kutoka kompyuta tayari hupunguza nukta wakati huo. Mbunifu akipunguza, na matbaa ikapunguza tena, picha hutoka imechujuka kama nguo iliyoanikwa juani mwezi mzima. Kwa hiyo maswali mawili hutangulia kazi: itachapwa kwenye karatasi gani, na mchapaji anataka faili zitayarishwe kwa wasifu gani wa rangi?

Jambo la pili ni jumla ya wino. Rangi nne zikipakwa zote kwa ukamilifu mahali pamoja, jumla ni asilimia 400, na hakuna karatasi ya kawaida inayobeba mzigo huo. Karatasi ya kung'aa hustahimili asilimia 300 na zaidi kidogo. Ya gazeti takriban 240. Mpaka huo ukivukwa, wino hukawia kukauka na hupaka mgongo wa karatasi iliyo juu yake.

La tatu ni maandishi. Maneno madogo na namba za simu zichapwe kwa wino mweusi peke yake. Yakitengenezwa kwa rangi zote nne, pleti moja ikisogea hata sehemu ya kumi ya milimita, kingo za herufi huwa na ukungu wa rangi. Namba ya dharura isiyosomeka ni sawa na namba isiyochapwa.

La nne ni picha yenyewe. Kwa kazi ya kawaida ya kusomwa mkononi, hesabu ni pikseli 300 kwa kila inchi. Picha yenye upana wa pikseli 1,200 inatosha inchi 4, yaani kama sentimita 10. Bango la A3, lenye upana wa sentimita 29.7, linahitaji karibu pikseli 3,500. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida huwa imepunguzwa njiani, na maelezo yaliyopotea hayarudi kwa kuikuza. Afisa wa nyanjani aitume kama faili, au alete ile asilia.

Baada ya faili huja prufu. Karatasi iliyotolewa na printa ya ofisini inafaa kukagua tahajia na mpangilio. Haifai kuhukumu rangi wala vivuli. Prufu ya kuidhinishia ni ile iliyotengenezwa kuiga karatasi na mtambo utakaotumika, na huangaliwa penye mwanga mweupe wa kutosha, si chini ya balbu ya manjano. Anayetia sahihi awe ni mtu anayeijua mada. Kwa kipeperushi cha kiwavijeshi, ni afisa wa kilimo, si karani wa stoo.

Mwisho ni zabuni. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 huitaka taasisi ieleze mahitaji yake kwa uwazi na ukamilifu. Maneno "vipeperushi 10,000 vya rangi" hayatimizi hilo. Yaandikwe pia aina ya karatasi na uzito wake kwa gramu, idadi ya rangi, prufu ya kuidhinishwa, na kiwango cha ubora kitakachofuatwa, kama vile ISO 12647. Hapo wachapaji wote watashindana kwa kazi ile ile, na aliyepanga kufanya kazi vizuri hatashindwa na aliyepanga kuruka hatua. Kukiwa na mzozo, pande zote mbili zitakuwa na kipimo cha kurejelea.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kosa likionekana kwenye faili, hurekebishwa kwa dakika chache. Likionekana baada ya pleti, hulipiwa pleti nyingine. Likionekana baada ya nakala 10,000, huwa ni karatasi za kufungia maandazi. Kabla ya kutia sahihi kwenye prufu, tafuteni kwanza ile Y kichwani mwa kiwavi. Msipoiona ninyi, mkulima naye hataiona.