Kumheshimu Mke: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Chama



Twapenda kunena habari za sinema moja ya siku za picha zisizo na sauti. Ilitengenezwa nchi ya Denmark mwaka 1925 na Carl Theodor Dreyer, na jina lake, kwa lugha yetu, ni "Mheshimu Mke Wako."

Viktor Frandsen amepotewa na biashara yake. Huko nje hana amri tena. Basi amri zake zote huzileta nyumbani. Kila jambo ni kosa la Ida, mkewe. Ida huiparuza siagi ya mkate wake mwenyewe akampakia mumewe, wala mume haoni. Hata mwisho Mads, bibi kizee aliyemlea Viktor utotoni, asaidia kumwondoa Ida akapumzike. Kisha amshurutisha bwana yule kufanya kazi za nyumba, na kumsimamisha pembeni kama mtoto mtundu. Hapo ndipo Viktor atambuapo uzito wa kazi aliyokuwa akiidharau.

Ndugu zetu, neno hili latuhusu sisi makarani. Mtu hukemewa ofisini mbele ya wenziwe, akajibu, "Ndiyo, bwana." Uchungu ule ni deni, akienda nao nyumbani, hulipwa na mke na watoto, ambao hawakulikopa. Yatupasa kuuacha mlangoni. Tena tusingoje kufundishwa na bibi kizee.